Kwa Nini Biskuti za Krismasi Zilivunjika

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa unga. Nilifika misheni, upande wa Navakholo, saa moja kasorobo asubuhi, nikiwa na barua ya padre mfukoni na viatu vya kaka yangu miguuni. Sista Msimamizi wa Jiko aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja, kisha akanikabidhi nyundo ndogo.

"Makokha, unajua kuvunja?"

Nilidhani ni mtego. "Sista, mimi nimekuja kutengeneza, si kuvunja."

"Hapa tunaanza kwa kuvunja," akasema, akanionyesha magunia mawili ya sukari nguru.

Nyinyi mnaosoma haya huenda mnaijua nguru kwa kuiona sokoni tu. Ni maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakaganda kuwa bonge la kahawia, gumu kama tofali. Huwezi kulipima wala kuliyeyusha kabla ya kulivunja. Nilivunja siku nzima, viganja vikatoka malengelenge, na jioni nikaonyeshwa hatua ya pili: kuiyeyusha kwa maji kidogo na kuichuja kwa kitambaa, maana nguru huja na nyuzi za miwa na majivu ya tanuri. Kinachobaki ni shira, maji mazito ya sukari, meusi na yenye harufu ya moshi. Kwa shira hiyo tulitengeneza vitu viwili vya Krismasi: biskuti za tangawizi na tofi ya njugu.

Nilifanya kazi hiyo miaka thelathini na mitano, na namshukuru Mungu kwa kila siku yake. Lakini kuna jambo moja katika kazi hiyo ambalo sikulielewa, na nikiandika leo bado sijui kama nimelielewa. Nitalieleza kama lilivyokuwa.

Biskuti ya tangawizi haina siri kubwa. Unachanganya majarini na shira ikiwa vuguvugu, unatia unga, tangawizi iliyosagwa na magadi kidogo ya kuoka, unausukuma unga uwe bapa, kisha unakata kwa mdomo wa kikombe. Tanuri letu lilikuwa la matofali. Tulichoma kuni za mkaratusi ndani yake, tukafagia makaa, kisha tukarusha unga kidogo sakafuni mwake. Unga ukiwa mweusi upesi, unasubiri. Ukigeuka kahawia polepole, unaingiza trei. Saa ya ukutani haikuwapo. Sista alipima muda kwa rozari: biskuti ziliiva kwa makumi matatu ya Salamu Maria, nasi tulisali kwa sauti huku tukikodolea macho mlango wa tanuri.

Kazi yenyewe ilikuwa katika kuinua. Biskuti ikitoka motoni ni laini. Ukiiinua mapema inajikunja na kukatika. Ukichelewa, nguru inagandamana na trei na biskuti inapasuka. Katikati kuna dakika moja tu. Mimi niliijua dakika hiyo. Nasema bila majivuno, kwa sababu kipaji si changu: Januari mpaka Novemba, nilipoinua trei nzima ungeweza kuhesabu zilizovunjika kwa vidole vya mkono mmoja na ukabakiwa na vidole.

Halafu yalikuja Majilio, zile wiki nne za kujiandaa kwa Krismasi, na biskuti zilianza kuvunjika.

Zilivunjika katikati. Zilivunjika pembeni. Nyingine niliziinua nzima na zikakatika hewani. Mwaka wa kwanza nilidhani ni ugeni. Mwaka wa tano sikuwa na la kudhani. Jioni, kabla ya kuanza trei za wageni, nilipiga magoti nyuma ya rundo la kuni nikamwomba Mungu asiruhusu hata moja ivunjike. Nikainuka, na zikavunjika.

"Unaikanda kwa hofu," Sista aliniambia. "Biskuti si mkate, Makokha. Ukiikanda sana inakasirika."

Nikaacha kuikanda. Zikavunjika. Sista akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kuelekea rafu ya chini.

Kwenye rafu hiyo palikaa debe la bati lenye kifuniko, debe la wafanyakazi. Kilichovunjika hakikuwekwa mezani pa wageni, lakini hakikutupwa, kwa sababu Sista hakuruhusu chakula kitupwe. Kiliingia humo: vipande vya biskuti, na chengachenga za tofi zilizoruka tulipoigonga kwa nyundo ili kuigawa. Siku tatu baada ya Krismasi, tuliporuhusiwa kwenda nyumbani, kila mfanyakazi alifungiwa sehemu yake katika karatasi.

Baada ya miaka tisa nilihamishiwa jiko la hospitali ya misheni, upande wa Lumakanda. Pale mkubwa wangu alikuwa Mpishi Mkuu, mtu mnene mwenye sauti ya kengele, aliyekuwa akiongea na tanuri kama vile linamdharau. "Leo utaniheshimu, wewe!" alilipigia kelele kila asubuhi. Huyu hakusali rozari kupima muda. Alinusa. "Pua haidanganyi," alisema. "Ikinukia mkate, bado. Ikinukia tofi, toa. Ikinukia majuto, umechelewa."

Desemba ilipofika, alisimama nyuma yangu akatazama trei ya tatu ikipasuka.

"Makokha, Novemba mikono yako ilikuwa ya daktari wa upasuaji. Hii imekuwa nini?"

"Sijui, Mkubwa."

"Ni nguru. Nguru ya Desemba imenyeshewa, ina maji."

Akaagiza sukari nyeupe. Zikavunjika zikiwa nyeupe. Akabaki akinitazama, akalitazama tanuri, mara moja tu akakosa la kuliambia. Vipande nikavitia katika debe, maana desturi ile ya Sista nilikuwa nimekwenda nayo Lumakanda, pamoja na nyundo.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa nyumba ya mikutano ya kanisa hapa Kakamega mjini. Afisa wa Upishi alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri lakini mwenye stashahada, na tulimwita Madam. Alileta mizani, saa, na kipimajoto cha sukari. Hapo awali tulipima tofi kwa maji baridi: unadondosha shira inayochemka ndani ya kikombe, ikifanya kitonge laini, endelea, ikifanya kitonge kigumu, bado kidogo, ikilia *ka!* na kukatika, ipua upesi. Madam alisoma namba tu, na nakiri namba zake zilikuwa sahihi.

"Bwana Makokha, hapa hakuna muujiza," aliniambia. "Kuna gramu."

Wiki ya mwisho ya Majilio alipima kila kitu mwenyewe. Alishika saa. Akasema, "Sasa!" nikainua. Ikavunjika. Akasema, "Sasa!" Ikavunjika. Madam alikitikisa kile kipimajoto kana kwamba kilikuwa kimemdanganya.

"Basi ni mikono."

"Ni hii hii ya Novemba, Madam."

"Sijui tena. Tia kwa debe."

Hivyo wakubwa watatu, wote watu wa akili na wa sala, walinipa sababu tatu, na hakuna iliyofaa.

Sasa niseme la nyumbani, ambalo ni gumu kidogo kuliandika. Nilikuwa na watoto watatu, na katika miaka yote ya kazi sikula Krismasi nao hata mara moja. Sikukuu ndiyo iliyokuwa msimu wetu. Nilifika nyumbani siku tatu baadaye na karatasi yangu ya vipande, wakati watoto wa watu wengine walikuwa wamekula za duara, nzima, kutoka mikononi mwangu. Nilikuwa naona aibu. Niliweka karatasi mezani, nikasema, "Hizi hapa biskuti za Krismasi," kisha nikatoka kwenda kumwangalia ng'ombe. Sikuwahi kukaa nikawatazama wakila. Wala sikuwahi kusema kwamba ni zilizovunjika.

Jambo hilo lilinisumbua mpaka nikaliungama. Padre aliniuliza kama zilikuwa za wizi. Nikasema hapana, tulipewa. Akauliza, "Sasa dhambi iko wapi, mzee?" Sikuweza kumwonyesha, lakini niliondoka bado nimeibeba.

Nilipostaafu walinipa blanketi na sala nzuri. Marehemu mke wangu alikuwa ametangulia mbele za Mungu mwaka mmoja kabla ya hapo. Nikarudi shambani kwangu, na kwa miaka kadhaa sikuoka kitu. Kisha mwaka jana, mwezi wa Novemba, binti yangu Nafula alipiga simu. Nafula ni muuguzi Nairobi, na alikuwa amepata kazi ng'ambo. Angeondoka Januari pamoja na mwanawe Abigael, msichana wa miaka kumi na minne, na hakujua angerudi lini.

"Baba, nataka tukuje Krismasi tuoke na wewe," akasema. "Zile biskuti ulikuwa unatuleteanga. Nataka Abigael ajue kuzitengeneza kabla hatujaenda. Hicho tu ndicho nataka kubeba kutoka nyumbani."

Niliweka simu chini, nikamshukuru Mungu kwa machozi. Nilikuwa nimepewa Krismasi moja ya kulipia zote. Nilijiapiza kwamba safari hii binti yangu atakula biskuti nzima.

Walifika siku nne kabla ya sikukuu. Sina tanuri, lakini nilikuwa nimeandaa sufuria kubwa yenye mchanga chini, jiko la makaa, na kifuniko cha kuwekea makaa juu yake. Nguru nilitoa sokoni. Asubuhi tuliingia jikoni sote watatu.

"Kuka, resipi iko wapi?" Abigael aliuliza, daftari mkononi. Kuka ndilo jina la babu kwetu.

"Iko mkononi."

"Sasa mimi nitapiga picha ya mkono?"

Mama yake alimkata jicho, lakini mimi nilicheka, nikampa nyundo. Alivunja nguru akilalamika kuhusu kucha zake. Tukachuja, tukachanganya, tukasali makumi matatu, naye akiyafuatilia kwenye simu kuona ni dakika ngapi. Nikainua trei yangu ya kwanza baada ya miaka mingi, wiki yenyewe ikiwa ile ile ya kuvunjika.

Haikuvunjika hata moja.

Sikuamini. Nikaoka ya pili: nzima zote. Nikazipanga kwenye sahani, za duara, zinang'aa, nikamwekea Nafula mbele na safari hii sikwenda kwa ng'ombe. Nilikaa nimtazame.

Alitafuna polepole. Akachukua ya pili.

"Ni tamu sana, Baba," akasema. "Lakini si zenyewe."

"Si zenyewe vipi?"

"Hizi ni kama za dukani. Zile zetu zilikuwa zinanata."

Nilimwambia kwa upole kwamba biskuti inayonata ni biskuti iliyoharibika.

"Zilikuwa laini. Tulikuwa tunakulanga na kijiko."

"Kijiko?"

"Kijiko, Baba. Tulikuwa tunapigania kile kikubwa."

Sikuelewa kabisa. Miaka thelathini na mitano sikuwahi kuona mtu akila biskuti kwa kijiko. Nilifikiri labda ni ladha ya kituo kimoja, basi siku iliyofuata nikaoka kwa njia ya Mpishi Mkuu, kwa pua. Nafula akaonja, akatikisa kichwa. Nikaoka kwa gramu za Madam, kwa mizani ya jirani anayeuza nyama. Akaonja, akanishika mkono na kusema, "Pole, Baba, wacha tu. Labda nilikuwa mtoto na kila kitu ni kitamu." Niliona jinsi alivyogeuza uso. Nikaona kwamba atapanda ndege bila kile alichokuja kuchukua, na mimi, mwokaji, ndiye nimeshindwa kumpa.

Wakati huo wote Abigael alikuwa akijifunza kuinua, na zake zilivunjika.

"Kuka, hizi zinanichukia."

"Unaharakisha."

"Nikingoja zinashika. Nisipongoja zinakatika. Hii ni biskuti ama ni mwalimu wa hesabu?"

Kila alipovunja, mkono wangu ulichukua vipande na kuvitia katika debe bila kuniuliza. Nilikuwa na debe la zamani chini ya meza. Tulipogonga tofi ya njugu, chengachenga nazo zikaingia humo humo, nikafunika. Ni mazoea tu. Sikulifikiria debe hilo tena.

Siku ya Krismasi tulitoka Misa ya asubuhi, watu wakimpa Nafula mikono ya kumuaga. Nyumbani akawa anatafuta sukari ya chai. Akainama chini ya meza akafungua debe.

Hakusimama. Alibaki amechuchumaa, kifuniko mkononi. Kisha akasema bila kugeuka, "Abigael, nipe kijiko."

Nilisogea nikaangalia. Vipande vya mjukuu wangu vilikuwa vimekaa na tofi siku tatu chini ya kifuniko. Tofi ya nguru hunyonya unyevu. Ilikuwa imelainika, ikalowesha biskuti, kila kitu kikashikana kuwa bonge moja la kahawia lenye njugu. Hakuna mkubwa wangu hata mmoja angeruhusu kitu kile kionekane.

Nafula alikula kijiko kimoja. Akaketi sakafuni na nguo yake ya Misa.

"Ndizo hizi," akasema. "Baba, ndizo hizi. Ulifanyaje?"

Nikajua sasa lazima niseme. Nilivuta kiti nikaketi karibu naye.

"Nafula, hayo ni makombo. Zile nilizokuwa nawaletea zilikuwa zilizovunjika. Nzima zilikwenda kwa wageni. Niliwaambia ni biskuti za Krismasi, sikuwaambia ni mabaki. Nimekuwa nikitaka kuwaomba msamaha."

Aliniangalia kama muuguzi anayemwangalia mgonjwa aliyeanza kuweweseka.

"Baba. Tulijua."

"Mlijua?"

"Ni biskuti gani hizo zinaletwa kila mwaka na hakuna hata moja ya duara? Tulikuwa watoto, hatukuwa vipofu." Alianza kucheka. "Tena tulikuwa tunaombanga zivunjike."

"Mkimwomba nani?"

"Mungu! Majilio yote, kwa sala ya jioni. Zikivunjika nyingi, karatasi inakuwa kubwa. Wanyonyi ndiye alikuwa anaongoza. Unajua Wanyonyi. 'Ee Mungu, trei ya Baba ianguke, lakini Baba asiumie.'"

Wanyonyi ni kaka yake mkubwa. Siku hizi ni mzee wa kanisa lake, mtu wa tai.

Nikauliza lile nililoogopa kuuliza. "Na mama yenu? Alisikia mkiomba hivyo?"

"Alikuwa hapo hapo."

"Alisema nini?"

"Alisema Amina," Nafula akajibu. "Tena kwa sauti."

Nimefundisha katekisimu Jumapili alasiri kwa miaka mingi, na wanafunzi wameniuliza maswali mengi juu ya sala. Hili hakuna aliyeniuliza. Saa ile ile ya jioni nilipokuwa nimepiga magoti nyuma ya kuni nikiomba isivunjike hata moja, nyumba yangu yote ilikuwa imepiga magoti ikiomba kinyume. Sisemi kwamba ndiyo sababu. Sista alikuwa na sababu yake, Mpishi Mkuu na Madam walikuwa na zao, na huenda mikono ya mtu aliyechoka, aliyewakumbuka wanawe, hutetemeka Desemba. Sijui. Nimelipeleka swali hili mbele ya Sakramenti mara kadhaa na nimetoka nalo vilevile. Ninachojua ni kwamba nilihesabu kila kipande kuwa sala iliyokataliwa, na kumbe nyumbani walikuwa wakikihesabu kuwa sala iliyojibiwa. Siwezi kulalamika. Walikuwa wanne, mimi nilikuwa mmoja.

Abigael alikuwa amefungua daftari.

"Kuka, sasa naandika nini? Hatua ya mwisho."

"Andika: weka pamoja na tofi, funika, siku tatu."

"Na kabla ya hapo?"

Nilitazama sahani. Zilikuwapo zile za duara nilizooka siku ya kwanza, hakuna mtu aliyezimaliza. Walikuwa wanaondoka baada ya siku mbili, na Nafula alikuwa ameshaleta mkebe wenye kifuniko ili zikomae njiani. Nikachukua biskuti moja. Ilikuwa nzuri, mviringo kamili, kama zile zilizokwenda mezani pa wageni. Niliishika kwa vidole vya mikono yote miwili niivunje, na vidole vikakataa. Nikajaribu tena, vikakataa. Miaka yote hiyo vilikuwa vimefundishwa jambo moja.

"Sali, Kuka," Abigael akasema, akitania.

Nikafumba macho, nikaomba ivunjike. Nyuma yangu Nafula akasema Amina, kwa sauti.